Orodha ya vitabu kuhusu ubaguzi wa rangi: isome kwa jozi

Katikati ya mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd mjini Minneapolis tarehe 25 Mei, orodha za kusoma na kusikiliza kuhusu ubaguzi wa rangi zilimiminika. Bado zinazunguka, zikiongezewa majina kila mwaka. Mtu akiamua kuipitia mojawapo toka juu hadi chini, hachelewi kugundua kwamba vitabu vingi vinatoka Marekani, vingi ni vya juzijuzi, na vingi vinasemezana vyenyewe kwa vyenyewe. Cha tatu kinarudia cha kwanza. Kufikia cha tano, msomaji ama amechoka, ama ameshika msimamo mkali juu ya mambo ambayo ushahidi wake hajawahi kuutia machoni.

Yanayofuata ni yale ambayo safari ya namna hiyo hufundisha, kwa mpangilio ambao matatizo yenyewe hujitokeza. Kubwa kuliko yote ni hili: usisome kitabu peke yake. Kila kitabu kipe mwenzake. Shahidi aende na mchambuzi, mwenye hoja aende na anayempinga, riwaya iende na hati ya zamani. Orodha yenyewe haikupi jozi hizo, kwa sababu anayeitunga huweka anavyovipenda, na anavyovipenda huwa vinakubaliana.

Anza kwa kupunguza

Kabla ya kununua wala kupakua chochote, chukua karatasi na uchore safu tatu. Mbele ya kila kitabu andika mwaka kilipotoka, mahali kinapopazungumzia, na kama mwandishi aliyaona mambo hayo kwa macho yake au anayachambua kwa mbali. Kazi hii haimalizi saa moja, nayo itakuonyesha mapengo yote. Mara nyingi safu ya mahali itajaa Marekani, na safu ya shahidi itakuwa tupu.

Kisha piga hesabu ya muda kwa ukweli. Msomaji wa vitabu vya sauti husoma takriban maneno 150 kwa dakika, yaani maneno 9,000 kwa saa. Kitabu cha maneno 90,000 kinakula saa 10. Mtu mwenye nusu saa kwa siku, ya safarini au ya jikoni, atakimaliza kwa siku 20 asipokosa hata moja, na atakosa. Jozi sita kwa mwaka zinamtosha kabisa mwenye kazi na familia. Orodha ya vitabu 30 ni mpango wa miaka miwili na nusu, na ni vyema ulijue hilo mapema kuliko kujilaumu mwezi wa nne.

Kuhusu nakala: vitabu vilivyochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita havina tena haki miliki huko, ingawa sheria ya nchi uliyomo yaweza kuwa tofauti. Project Gutenberg ina maandishi yake bure, na LibriVox ina sauti zilizorekodiwa na watu wa kujitolea. Hapa pana mtego mdogo. Kitabu kimoja cha LibriVox chaweza kuwa na wasomaji kadhaa, mmoja sauti yake safi, mwingine anasikika kama yumo ndani ya mtungi. Sikiliza dakika mbili za sura ya kwanza na mbili za sura ya katikati kabla ya kupakua chote. Rekodi ya kilobiti 64 kwa sekunde inachukua karibu MB 29 kwa saa, na ya 128 mara mbili yake, kwa hiyo kitabu cha saa 10 ni kati ya MB 290 na 580. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, 64 inatosha, na sikio la kawaida halitaona tofauti.

Ukinunua nakala za karatasi, jihadhari na aina mbili. Moja ni chapa za bei nafuu za vitabu vya zamani, zinazotolewa na wachapaji wasiojulikana: tanbihi hukatwa, utangulizi hukosekana, wakati mwingine na kurasa. Nyingine ni mihtasari inayouzwa ikiwa na jalada linalofanana mno na la kitabu chenyewe. Tazama idadi ya kurasa na jina la mwandishi. Kitabu cha kurasa 400 hakiwezi kuwa na kurasa 60.

Suala la baiolojia limalizwe mapema

Asiyelimaliza suala hili mwanzoni hulibeba hadi mwisho, na kila mjadala utarudi palepale. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alipima tofauti za kijenetiki kati ya binadamu na kukuta kwamba karibu asilimia 85 zimo ndani ya kundi moja lenyewe, wala si baina ya makundi. Takwimu hiyo inanukuliwa kila mahali, na karibu kila mahali inanukuliwa pekee. Mwenzake ni makala fupi ya A. W. F. Edwards, mtaalamu wa takwimu za jenetiki, ya mwaka 2003. Edwards haipingi asilimia 85. Anasema tu kwamba ukiunganisha alama nyingi za kijenetiki kwa pamoja, asili ya mtu yaweza kukisiwa vizuri hata kama kila alama peke yake haisemi kitu. Ukiwa umesoma wote wawili, hutababaishwa na yule anayedai kwamba sayansi imethibitisha hakuna tofauti yoyote, wala na yule anayedai kwamba imethibitisha ngazi za ubora. Si Lewontin wala Edwards aliyesema hivyo.

Jozi ya kwanza iwe fupi

Wengi huanza na kitabu kinene kwa sababu ndicho kinachotajwa sana. Anza na kurasa chache.

Tarehe 12 Aprili 1963 viongozi wanane wa dini, wote weupe, wa jimbo la Alabama walitoa taarifa wakiwasihi watu weusi wa Birmingham waachane na maandamano na wapeleke madai yao mahakamani na kwenye mazungumzo. Siku hiyohiyo Martin Luther King Jr. alikamatwa. Jibu lake, barua iliyotoka jela, ina tarehe 16 Aprili. Barua hiyo iko katika kila orodha. Taarifa inayojibiwa haipo karibu katika yoyote. Itafute kwanza. Ni fupi, na ina adabu tupu. Hakuna tusi, na jina la King halitajwi hata mara moja. Wanasema tu kwamba maandamano yanaongozwa kwa sehemu na watu kutoka nje. Ukiisoma peke yake unaweza kujikuta unatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo ilipo faida ya zoezi lenyewe.

Shika penseli. Kila dai la viongozi hao lipe namba pembeni. Halafu soma barua, na kila King anapojibu dai, andika namba hiyohiyo. Barua ina karibu maneno 7,000, kazi ya nusu saa ukiisoma moja kwa moja, saa nzima ukiwa na penseli. Utaona madai mengine yanajibiwa kwa mstari na mengine kwa kurasa. Lile la kusubiri ndilo linalopewa nafasi kubwa. Kuna sentensi moja pale inayozidi maneno 300, inayopanga jambo juu ya jambo kwa neno lilelile la mwanzo, ikipitia hadi kwa binti wa miaka sita anayetaka kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona kwenye televisheni na baba yake hajui amweleze vipi kwamba watoto weusi hawaruhusiwi. Kitenzi kikuu unakingoja hadi mwisho kabisa. Isome kwa sauti, kwa pumzi yako mwenyewe. Itakulazimisha kusubiri, kama ilivyokusudiwa.

Jozi ya pili nayo haikugharimu kitu. Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyezaliwa utumwani, alitoa kitabu chake Up from Slavery mwaka 1901, na sura ya 14 ina hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895, alimowataka watu weusi watangulize kazi za mikono na uchumi kabla ya kudai usawa wa kijamii. Miaka miwili baada ya kitabu hicho, W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mweusi, alitoa The Souls of Black Folk, na sura yake ya tatu inamjibu Washington kwa jina. Soma hizo sura mbili kwanza, halafu ndipo uamue kama utavisoma vitabu vyote. Cha Du Bois nakipendekeza kizima, ila kwa macho. Kila sura inafunguliwa na beti za shairi na mstari wa noti za muziki wa nyimbo za watumwa, bila maneno, na kwa msikilizaji noti hizo hupotea mara nyingi. Katika sura ya kwanza watoto wa shule wanabadilishana kadi kwa mchezo, na msichana mmoja mgeni anaikataa kadi ya Du Bois kwa kumtupia jicho tu. Kitabu kizima kinatokana na jicho hilo.

Toka nje ya Marekani mapema

Ningesema ifikapo jozi ya tatu, uwe umeshatoka. Sababu yake ni kwamba mwenye kusoma Marekani tupu huanza kuona kila dhuluma duniani kwa sura ya mweupe na mweusi, na mahali ambapo rangi za pande zote mbili zinafanana anapofuka.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ni ushahidi wa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kwa kauli yake, bila mzungu wa kumsemea. Anaanza na umri wa miaka 12, alipoanza safari za karibu akiuza sandarusi. Kisha ni pembe, madeni ya Zanzibar, mapigano, na majina ya watemi. Mara ya kwanza utachoka na hesabu za bidhaa. Rudi tena, na safari hii tafuta waliobeba mizigo na waliotekwa. Wanatajwa kwa makundi, karibu kamwe kwa majina. Pigia mstari kila mahali wanapotokea na uandike wamefanya nini katika sentensi hiyo: wamechukuliwa, wamekimbia, wamekufa. Ukimaliza utakuwa na orodha ambayo mwandishi mwenyewe hakukusudia kuiandika.

Mwenzake ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata tuzo ya Nobel. Yusuf, naye akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Misafara ni ya aina ileile ya kwenda bara, lakini sasa inatazamwa na aliyemo chini. Hati inakupa njia, bidhaa na majina; riwaya inakupa aliyenyamazishwa. Ukianza na riwaya, Tippu Tip utamsoma kama mhalifu wa hadithi na hutamsikiliza. Anza na yeye.

India, ambako ubaguzi hufuata tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo, inahitaji jozi yake pia. Mwaka 1936 B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la chini kabisa, aliandaa hotuba kwa mwaliko wa chama kimoja cha wapinga matabaka mjini Lahore. Waandaaji walipoyaona maandishi yake waliingiwa na wasiwasi, mwaliko ukafutwa, naye akaichapisha mwenyewe. Toleo lililofuata lina majibu ya Gandhi na majibu ya Ambedkar kwa Gandhi, kwa hiyo hapa jozi imo ndani ya jalada moja. Chuo Kikuu cha Columbia, alikosoma Ambedkar, kina nakala ya bure mtandaoni yenye maelezo pembeni. Baada ya hapo ndipo ufungue Caste ya Isabel Wilkerson ya 2020, inayoziweka pamoja Marekani, India na Ujerumani ya Wanazi. Ni kitabu kinachosomeka kwa raha, lakini wapo wahakiki waliolalamika kwamba uchumi umepewa nafasi ndogo, na aliyetoka kwa Ambedkar ataliona hilo bila kuonyeshwa.

Vitabu vinavyowashinda watu katikati

Walter Rodney alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotoa How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972, na wengi hukiacha kwenye sura ya kwanza. Si kosa lao. Sura hiyo ni ya nadharia ya maendeleo, nzito, na hoja inayowaka iko mbele. Anza sura ya nne, ya biashara ya utumwa na mizizi ya kudumaa kwa Afrika hadi 1885, nenda ya tano na ya sita za ukoloni, halafu rudi mwanzo. Kila sura inamalizika kwa mwongozo mfupi wa vitabu vingine pamoja na maoni ya Rodney juu yake. Usiuruke, kwa kuwa tanbihi ni chache na huo ndio mlango wa vyanzo vyake. Mwenzake ni Africa and Africans in the Making of the Atlantic World ya John Thornton, ya mwaka 1992. Thornton anasema wafalme na wafanyabiashara wa Kiafrika walishiriki kwa hiari na kwa nguvu zao, na hawakulazimishwa na uchumi wa Ulaya kwa kiwango anachodai Rodney. Mtu akikuuliza nani ana haki, utagundua kwamba swali lenyewe linagawanyika: wanabishana hasa juu ya nani aliamua masharti ya biashara, na juu ya kipindi gani.

Frantz Fanon naye husomwa vibaya kwa sababu ya mpangilio. The Wretched of the Earth ya 1961, ambayo Kiswahili chake ni Viumbe Waliolaaniwa cha Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, ina dibaji ya mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre. Dibaji hiyo inashabikia vurugu kuliko kitabu chenyewe. Iache hadi mwisho. Na usiishie sura ya kwanza, ile ya vurugu, wanayoishia wanukuuji wengi. Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida huko Algeria, na sura ya tano ni kumbukumbu za wagonjwa: aliyeteswa, na askari polisi aliyetesa, wote kliniki moja. Hapo ndipo utaona alijua gharama ya yale aliyoyaandika sura ya kwanza. Mpe mwenzake mwanafalsafa Hannah Arendt, On Violence, ya 1970. Anamkosoa Fanon, lakini anasema wazi kwamba Fanon ana mashaka mengi kuliko wafuasi wake.

Wakati wa mizozo ya leo

Jozi inayofundisha zaidi kuhusu namna mabishano ya kisasa yanavyokwenda ni hii. Agosti 2019 jarida la New York Times lilitoa toleo kuhusu utumwa katika historia ya Marekani, lililoitwa The 1619 Project, likiongozwa na Nikole Hannah-Jones, pamoja na podikasti ya vipindi vichache. Desemba mwaka huohuo barua ya wanahistoria watano ilichapishwa ikipinga mambo kadhaa, hasa dai kwamba kulinda utumwa kulikuwa mojawapo ya sababu kuu za wakoloni wa Marekani kutaka uhuru. Mhariri alijibu kwa urefu na kukataa kusahihisha. Machi 2020 sentensi iliyobishaniwa ilibadilishwa: badala ya wakoloni wote kwa ujumla, ikawa baadhi yao.

Soma kwa mpangilio huohuo: insha, barua, jibu, badiliko. Usimsikilize mtu yeyote anayekuhadithia mzozo huo kabla hujasoma hivyo vinne, kwa kuwa kila upande husimulia nusu. Mmoja atakuambia mradi mzima uliporomoka. Mwingine kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni maneno machache katika sentensi, na maneno hayo yana uzito. Kuanzia hapo, kila kitabu cha historia kinaposema "wao walitaka", utajikuta unauliza wangapi.

Takwimu za dunia nazo zina jozi yake. Factfulness ya Hans Rosling, ya 2018, inafunguliwa na maswali 13 yenye majibu matatu kila moja. Yajibu kwa kalamu kabla ya kusoma neno lolote, la sivyo nusu ya kitabu imekupita. Rosling anaonyesha kwamba hali za watu zimeboreka kuliko tunavyodhani, akiigawa dunia katika ngazi nne za kipato zenye mipaka ya dola 2, 8 na 32 kwa siku. Kisha soma The Divide ya Jason Hickel, ya 2017, anayesema picha hiyo inategemea mno mahali unapochora mstari wa umaskini. Na mstari wenyewe unahama: Benki ya Dunia iliutumia wa dola 1.90, mwaka 2022 ukawa 2.15, na mwaka 2025 ukawa 3.00. Ukikuta takwimu ya maskini bila mstari wake kutajwa, usiinukuu.

Kusikiliza ni kazi tofauti

Sikio halirudi nyuma kama jicho. Mambo matatu hayafai kusikilizwa kwanza: kitabu chenye majedwali, hoja ndefu yenye vipengele, na hati ya kisheria. Kinachofaa ni ushuhuda, hotuba, mahojiano na mdahalo. Born a Crime ya Trevor Noah, ya 2016, ni bora kwa sauti kuliko kwa karatasi, kwa kuwa anaisoma mwenyewe na lugha zake zote zinasikika kama zilivyo.

Podikasti ninayoitanguliza ni msimu wa pili wa Scene on Radio, unaoitwa Seeing White, wa 2017: vipindi 14 vinavyouliza weupe ulibuniwa vipi na kwa faida ya nani. Uzuri wake ni kwamba mtangazaji John Biewen, mweupe, mara nyingi anakaa na Chenjerai Kumanyika, mweusi, wakapitia walichosikia, na Kumanyika hamwachii. Mwenzake ni mihadhara minne ya redio ya BBC, iitwayo Reith, ya mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah ya mwaka 2016. Ule wa rangi, uliotolewa Accra, unaanza na mtoto aliyetolewa Axim, katika Ghana ya leo, mwaka 1707, Anton Wilhelm Amo, akaishia kuwa mwanafalsafa na mwalimu wa chuo kikuu Ujerumani. Mihadhara hiyo ina maandishi yake kamili mtandaoni, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua: sikiliza kwanza, halafu pitia maandishi na uweke alama pale ulipopitwa.

Mdahalo wa James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, na William F. Buckley, mwandishi wa kihafidhina, katika Cambridge Union, chama cha midahalo cha wanafunzi wa Cambridge, tarehe 18 Februari 1965, huzungushwa ukiwa umekatwa, Baldwin peke yake. Tafuta mzima. Baldwin alishinda kwa kura 544 dhidi ya 164, lakini ukimsikiliza Buckley hadi mwisho utatambua hoja ambazo bado unazisikia leo, zikiwa zimebadilishiwa nguo tu. Hotuba ya Mandela kizimbani, ya tarehe 20 Aprili 1964, ilichukua karibu saa tatu. Hiyo isome yote, kisha sikiliza dakika za mwisho tu.

Kasi ya 1.25 haiharibu mazungumzo ya studio. Ushuhuda wa aliyeteswa usiuharakishe. Ule ukimya kati ya maneno ni sehemu ya ushahidi. Na weka dakika katika daftari lako, kipindi na dakika, kama unavyoweka ukurasa, la sivyo hutaipata tena.

Gharama isiyoandikwa kwenye orodha

Maandishi haya yanachosha kwa namna ambayo vitabu vingine havichoshi. Usingizi huharibika kwa wanaosikiliza maelezo ya watu kunyongwa na makundi saa nne za usiku. Weka vitu hivyo asubuhi au mchana, na baada ya jozi nzito pumzika wiki nzima bila kujisikia vibaya. Hasira huja mapema, halafu kwa baadhi hufuata hali ya kujitetea, mtu akitafuta kila sababu ya kusema kwetu haikuwa hivyo. Ikifika hali hiyo, ndiyo dalili kwamba umefika mahali pa kusoma polepole. Kingine ni marafiki. Mtu aliyemaliza kitabu juzi ni msumbufu mezani. Mwezi wa kwanza uliza zaidi kuliko kueleza.

Kikundi kinasaidia, cha watu watano au sita. Nusu wasome kitabu kimoja cha jozi, nusu kingine, na siku ya mazungumzo kila upande utetee kitabu chake hata kama haukikubali. Dakika 90 zinatosha. Zikizidi, watu huanza kurudia. Msimgeuze mmoja wenu kuwa msemaji wa rangi yake, kabila lake au tabaka lake. Mwulizeni alichokisoma, si alichokipitia, hadi atakapotaka mwenyewe kulisema. Na kwa kuwa chapa zinatofautiana, na Fanon kwa Kiingereza pekee ana tafsiri mbili, ya Constance Farrington na ya Richard Philcox, msiitane kwa namba za kurasa. Tajeni sura na maneno matatu ya mwanzo wa aya, na kila mtu ataipata katika nakala aliyonayo.